VS NA CRP: DAMU INASEMA NINI JUU YA UGONJWA WA VIUNGO?



Trimesta hii tumepokea maulizo mingi juu ya karatasi za labo. Mtu anatoka kwa munganga, mkononi iko karatasi ndogo imeandikwa "VS 65 mm" ao "CRP 48", naye anaizungusha kwa kila mtu mwenye kusoma Biokimia, ili aambiwe kama atapona ao hapana. Mmoja anamwambia ni kifua kikuu. Mwingine anasema damu imechafuka. Wa tatu, yule mjuaji zaidi, anasema ni sumu ya jirani. Hesabu ni ile ile moja, lakini majibu ni matatu.

Kwa hiyo tumeona vema kuandika somo hili. Tutachukua ugonjwa mmoja tu tusipotee njiani, ni ule wa viungo ambao waganga wanauita poliartriti rumatoidi. Ndani ya ugonjwa huu VS na CRP zinapimwa tena na tena, kwa miaka mingi, juu ya mtu yule yule. Hapo ndipo tunaweza kuona vizuri kazi yao, na pia mahali ambapo kazi yao inakoma.

UGONJWA WENYEWE

Hapa kwetu kila maumivu ya mifupa yanaitwa rumatizimu. Babu mwenye magoti yaliyochoka kwa kupanda milima na mizigo miaka 50, rumatizimu. Kijana aliyeanguka mpira, rumatizimu. Sherti tuachanishe. Katika poliartriti rumatoidi, askari wa mwili, yaani wale wanaopaswa kupigana na mikrobu, wanageuka na kushambulia viungo vya mwili wao wenyewe. Ile ngozi laini inayofunika ndani ya kiungo inavimba, inajaa damu na chembe nyeupe, inapata moto. Ikiachwa hivyo miezi na miaka, inakula gegedu na kisha mfupa wenyewe.

Mara nyingi ugonjwa unaanza kwa viungo vidogo vya vidole na vifundo vya mikono, tena pande zote mbili. Asubuhi mgonjwa anaamka mikono imekazana kama ya mbao, na inachukua saa moja ao zaidi mbele hajaweza kufunga kifungo cha shati. Wanawake wanaougua ni kama watatu kwa mwanaume mmoja. Na mtu asiseme ni ugonjwa wa Wazungu: uchunguzi uliofanyika Kinshasa, ukatangazwa mwaka 2012, ulikuta karibu watu 6 kwa kila 1000. Hesabu inaonekana ndogo, lakini katika mtaa wa watu 10.000 ni watu karibu 60, na wengi kati yao hawajapata kuambiwa jina la ugonjwa wao.

Ugonjwa huu hauishi, lakini hauwaki sawasawa siku zote. Unawaka, unapoa, unawaka tena. Kwa hiyo kuko maulizo mawili ambayo watu wanayachanganya sana. La kwanza: viungo vimekwisha kuharibika namna gani? Hilo linajibiwa na picha ya radio ya mifupa. La pili: leo, mwezi huu, moto unawaka kiasi gani? Hilo la pili ndilo tunalopeleka kwa damu. Mtu anaweza kuwa na vidole vilivyopinda kabisa tangu miaka 10, na damu yake ikawa imetulia, kwa sababu moto ulikwisha kuzimika na kuacha majivu. Mwingine ana mikono mizuri kwa macho, radio safi, na damu inalia. Huyu wa pili ndiye wa kukimbiliwa haraka, kwa sababu kwake bado kuko kitu cha kuokoa.

VS, AO MBIO ZA DAMU

VS ni mbio ambazo chembe nyekundu zinatumia kushuka chini ndani ya tibu iliyosimama. Mbele ya kueleza, fanyeni jaribio hili. Hapana kutumia damu! Damu ya mtu si kitu cha kuchezea darasani, inaweza kubeba homa ya ini na virusi vya SIDA. Tutatumia udongo.

Chukueni chupa mbili nyeupe zinazofanana. Jazeni zote maji yaliyokorogwa na udongo mwekundu. Katika moja tieni shabu kidogo iliyosagwa, lile jiwe jeupe ambalo watu wanasafisha nalo maji. Tikiseni zote mbili, kisha zisimamisheni juu ya meza bila kuzigusa. Nyuma ya nusu saa mtaona chupa yenye shabu ina maji meupe juu na matope chini. Ile nyingine bado ni nyekundu, na inaweza kubaki hivyo mpaka usiku.

Juu ya nini? Vipande vya udongo vina umeme wa negatifu, na vitu vya umeme wa namna moja vinasukumana. Kila kipande kinabaki peke yake, nacho ni kidogo mno, kinashuka polepole sana. Shabu inavunja ule msukumano, vipande vinashikana, vinakuwa mabonge, na bonge linashuka upesi. Mnakumbuka kanuni ya Stokes katika fizika: mbio za kushuka zinafuata mraba wa nusu-kipenyo. Bonge lenye nusu-kipenyo mara tatu linashuka mara tisa.

Damu inafanya karibu vile vile. Chembe nyekundu nazo zina umeme wa negatifu, zinasukumana. Lakini mwili ukiwa na moto wa uvimbe (waganga wanasema inflamasio), ini linatengeneza proteini nyingi inayoitwa fibrinojeni. Hiyo ndiyo shabu yetu. Inapunguza msukumano, na chembe nyekundu zinapangana moja juu ya nyingine kama sahani kabatini. Mlundo wa sahani unashuka upesi kuliko sahani moja. Basi, VS inapanda. Mnaona kwamba VS haipimi ugonjwa wenyewe. Inapima mbio za chembe, mbio zinafuata proteini, na proteini zinafuata moto. Ni habari ya mkono wa tatu. Mtu asisahau neno hili, maana matata yote ya VS yanatoka pale.

Aliyeeleza jambo hili kwanza kwa namna ya sayansi ni Edmund Biernacki wa Poland, mwaka 1897. Kisha Robin Fåhraeus wa Sweden aliona mwaka 1918 kwamba damu ya wanawake wenye mimba inashuka upesi zaidi. Alf Westergren, Mswedi pia, alitangaza mwaka 1921 namna yake ya kupima, akiwa na wagonjwa wa kifua kikuu. Namna ya Westergren ndiyo inayotumiwa hata leo katika labo nyingi: sehemu nne za damu na sehemu moja ya maji ya sitrati ili damu isigande, tibu nyembamba yenye alama mpaka 200 mm, isimame wima, saa moja kamili, kisha mtu anasoma milimita ngapi za maji ya manjano zimebaki juu.

Wima maana yake wima. Tibu ikiinama digri 3 tu, VS inaweza kupanda karibu 30 kwa 100. Meza ikitikisika kwa mashine, si sawa. Tibu ikikaa kwenye jua la dirisha, si sawa. Damu iliyokaa masaa mengi mbele ya kupimwa, si sawa vilevile. Mtu wa labo anayefanya kazi hii vizuri, tumheshimu. Chombo chake ni cha bei ndogo na hakitaki umeme, lakini kinataka uangalifu.

Na VS ya kawaida ni ngapi? Hapa hakuna hesabu moja kwa watu wote. Kuko kanuni rahisi iliyotangazwa mwaka 1983 katika jarida la waganga la Uingereza. Kwa mwanaume, chukua miaka yake, gawa kwa 2. Kwa mwanamke, chukua miaka, ongeza 10, gawa kwa 2. Huo ndio mpaka wa juu. Mwanaume wa miaka 40 mpaka wake ni 20. Mwanamke wa miaka 60 mpaka wake ni 35. Kwa hiyo VS 30 inaweza kuwa habari kwa kijana, na isiwe habari yoyote kwa nyanya yake.

MOSHI UNAOTOKA NYUMBA NYINGI

Mwanafunzi mmoja wa internati alituletea karatasi yenye VS 48. Alikuwa hajala siku mbili kwa woga, kwa kuwa kaka yake alimwambia VS kubwa ni SIDA. Tulimuuliza maswali machache. Alikuwa ametoka katika malaria kali wiki iliyotangulia, na damu yake ilikuwa imepungua. Haya mambo mawili yanatosha kabisa kupandisha VS.

Ukiwa juu ya mlima na kuona moshi ng'ambo, unajua kuko moto. Hujui kama watu wanapika sombe ao nyumba inaungua. VS ni moshi wa namna hiyo. Inapanda kwa poliartriti, inapanda kwa kifua kikuu, kwa malaria, kwa virusi vya SIDA, kwa jipu, kwa kansa fulani. Ugonjwa wa usingizi unaipandisha sana, maana mwili unatengeneza antikori nyingi mno. Mimba inaipandisha, na mimba si ugonjwa. Upungufu wa damu peke yake unaipandisha pia, kwa sababu chembe nyekundu zikiwa chache zinashuka bila kuzuiana. Tena, ule moto wa viungo ukikaa siku nyingi unaleta upungufu wa damu wenyewe. Basi vitu viwili vinasukuma hesabu moja, na munganga sherti apime pia hemoglobini ili ajue ni nani anasukuma nini.

Kuko na kinyume chake. Watoto na vijana wa SS, yaani wenye chembe nyekundu za umbo la mundu, wanaweza kuwa na VS ndogo hata wakati wanaugua sana. Sahani zilizopinda hazipangani kabatini. Hapa kwetu, ambapo SS si ugonjwa wa nadra, jambo hili linafaa kujulikana, kwa kuwa VS ya 5 kwa mtoto kama huyo haisemi kwamba hana moto mwilini.

CRP

CRP ni mdogo wa VS kwa umri, lakini ana mbio zaidi. Mwaka 1930, katika Rockefeller Institute ya New York, William Tillett na Thomas Francis walikuwa wanachunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Walichanganya maji ya damu na kitu walichotoa katika mikrobu ya pnemokoki, kitu walichokiita C, na kitu kama wingu kikatokea ndani ya tibu. Kwa wagonjwa waliopona, wingu halikutokea tena. Hapo ndipo jina linatoka: proteini inayojibu C. Walitumika katika labo ya Oswald Avery, yule yule ambaye wanafunzi wa mwaka wa tano wanamjua kwa ajili ya ADN na jaribio la mwaka 1944. Mlango mmoja, mambo mawili makubwa.

Watu walifikiri kwanza kwamba ni kitu cha nimonia tu. Kumbe kinatokea katika moto wa kila namna. Chembe nyeupe zikiwa katika vita zinatoa ujumbe unaoitwa interlekini 6, ujumbe unafika kwenye ini, na ini linamwaga CRP ndani ya damu. Inaanza kupanda nyuma ya masaa 6 hivi, inafika kilele karibu na siku ya pili. Kwa mtu mzima wa afya ni kidogo sana, na labo nyingi zinaweka mpaka wa 5 ao 10 mg kwa litre moja. Katika mikrobu mikali inaweza kupita 300. Haijali chembe nyekundu ni ngapi wala umbo lao, kwa hiyo upungufu wa damu na SS haviisumbui kama vinavyosumbua VS.

Lakini uzuri wake mkubwa zaidi ni namna inavyoondoka. Kila masaa 19 hivi, nusu ya CRP iliyo katika damu inatoweka, awe mtu mgonjwa ao mzima. Tufanye hesabu. Mtu ana CRP 160, na moto unazimwa kabisa, ini linaacha kutengeneza. Nyuma ya masaa 19 inabaki 80. Nyuma ya masaa 38 inabaki 40. Masaa 57, inabaki 20. Masaa 76, yaani siku 3 na masaa 4, inabaki 10. Lakini fibrinojeni inachukua siku kama 4 kupunguka nusu, na antikori nyingi zinachukua karibu wiki 3. Kwa hiyo VS inaweza kubaki juu wiki nyingi hata kama moto umezimika. CRP inakuambia habari ya leo na jana, VS inakuambia habari ya mwezi. Mgonjwa akipimwa VS siku 5 nyuma ya kuanza dawa, kisha akalia kwamba dawa haifai, analilia bure.

Angalieni mtego mmoja ambao umewapoteza watu wazima wenye diploma. Labo moja inaandika mg kwa litre, nyingine inaandika mg kwa desilitre. CRP 4,8 mg/dL ni sawasawa na 48 mg/L. Mtu aliyepimwa 48 katika labo ya kwanza na 4,8 katika labo ya pili anaweza kufanya sherehe, na moto haujapunguka hata kidogo. Someni herufi zilizo nyuma ya hesabu!

Tena labo nyingine ndogo hazitoi hesabu ya kweli. Wanatia tone la maji ya damu juu ya kadi pamoja na tone la lateksi, wanaangalia kama inaganda vipunje. Jibu ni "ndiyo" ao "hapana", na wakitaka zaidi wanaongeza maji mara mbili, mara nne, mara nane, na hesabu inaruka 6, 12, 24, 48. Hii ni kazi nzuri ya kusaidia, lakini kutoka 24 mpaka 12 ni hatua moja tu ya kadi. Hapana kujenga nyumba juu yake.

Na kuko ugonjwa ambao unadanganya CRP. Lupusi ni ugonjwa mwingine wa askari walioasi, unashika ngozi, viungo, mafigo. Ndani ya lupusi VS inaweza kupanda sana na CRP ikabaki chini. Kwa ule ugonjwa waganga wanaangalia alama nyingine, kama proteini za komplementi zinazoshuka, na sherti mkojo upimwe. Tunasema hivi ili mtu asichukue somo la poliartriti akalipeleka kwa kila ugonjwa.

Jambo moja tulipitie haraka. Karatasi nyingine zinaandika "faktere rumatoidi". Ile ni antikori iliyoelezwa na Waaler huko Norway mwaka 1940 na Rose huko Marekani mwaka 1948. Inasaidia kuupa ugonjwa jina, ingawa hata kifua kikuu na mikrobu mingine inaweza kuileta. Kwa kufuata moto mwezi kwa mwezi haifai, na kuipima kila mara ni kutupa franga.

MIKONO PAMOJA NA DAMU

Sasa tunafika pahali ambapo tulitaka kufika tangu mwanzo. Tuseme kuna mama, mkulima, miaka 42. Amefika kwa dokta, viungo 9 vinauma vikibonyezwa, 4 kati yao vimevimba. VS ni 55. Akiulizwa aseme mwenyewe ugonjwa unamsumbua kiasi gani kati ya 0 na 100, anasema 60. Anapewa dawa, methotrexate, ambayo kwa ugonjwa huu inanywewa mara moja kwa wiki. Nyuma ya miezi mitatu anarudi, VS ni 20. Kwa kanuni tuliyoandika juu, mpaka wake ni 26. Kwa hiyo karatasi ni safi.

"Munganga, damu yangu iko muzuri sasa. Niache dawa? Watoto wanangoja minervali."

"Mama, leta mikono kwanza nione."

Na mikono inasema nini? Viungo 4 bado vinauma, kimoja bado kimevimba. Yeye mwenyewe anataja 30.

Waganga wana kanuni ya kuweka haya yote pamoja, inaitwa DAS28, iliyotoka Uholanzi katika miaka ya 1990. Namba 28 ni viungo vinavyoguswa kimoja kimoja: mabega 2, viwiko 2, vifundo vya mikono 2, viungo 20 vya vidole vya mikono, magoti 2. Miguu chini ya goti haimo, na kwa maoni yetu ni hasara kwa nchi ya watembea kwa miguu. Kanuni ni hii: chukua kipeo cha pili cha hesabu ya viungo vinavyouma, zidisha 0,56. Ongeza kipeo cha pili cha hesabu ya vilivyovimba mara 0,28. Ongeza logaritmu ya asili ya VS mara 0,70. Ongeza ile namba ya mgonjwa mwenyewe mara 0,014.

Siku ya kwanza: 1,68 + 0,56 + 2,81 + 0,84. Jumla 5,89. Juu ya 5,1 ni moto mkali. Nyuma ya miezi mitatu: 1,12 + 0,28 + 2,10 + 0,42. Jumla 3,92. Dawa imefanya kazi kubwa, ameshuka karibu 2, na kushuka kwa 1,2 tayari ni kitu. Lakini moto mdogo unaanzia kwenye 3,2 kwenda chini, na utulivu wa kweli ni chini ya 2,6. Mama huyu bado anaungua. Angehukumiwa kwa karatasi peke yake, angerudi shambani bila dawa, na vidole vingepinda polepole huku VS yake ikiitwa nzuri.

Wanafunzi wanaouliza kila mwaka logaritmu inafaa nini katika maisha, jibu ni hili hapa. Kwa sababu ya logaritmu, VS kutoka 10 mpaka 20 ina uzito sawa na kutoka 50 mpaka 100. Mwalimu wa matematika atafurahi.

Wala mama huyu si mtu wa ajabu. Katika uchunguzi mbalimbali, karibu wagonjwa 4 kwa 10 wa poliartriti wana VS ao CRP ya kawaida siku wanapofika kwa dokta, na viungo vimevimba mbele ya macho ya kila mtu. Kumwambia mtu wa namna hii "huna kitu, karatasi ni nzuri" ni kumfukuza.

Kinyume chake kiko pia. Mgonjwa ambaye mikono yake imetulia anaweza kufika na CRP 90 kwa sababu ana malaria ao jipu la jino. Yule munganga anayeongeza dawa ya viungo siku hiyo amesoma moshi wa nyumba nyingine. Ndiyo maana ni vema mgonjwa awe na kaye yake mwenyewe, aandike ndani tarehe, VS, CRP pamoja na herufi zake, labo gani, kama alikuwa na homa ao mimba, na dawa gani alikunywa. Hesabu sita za mtu mmoja, kutoka labo moja, zina maana kuliko hesabu moja iliyolinganishwa na jirani.

Kuhusu dawa, tuna maneno mawili. La kwanza ni deksametazoni na prednisoloni zinazouzwa sokoni kama karanga. Ni dawa za kweli, na dokta anaweza kuziandika. Zinashusha uvimbe upesi, na VS na CRP vilevile, kwa hiyo mtu anayezinywa kwa siri anampelekea munganga karatasi inayodanganya. Tena zinaweza kuficha mikrobu, na aliyezinywa wiki nyingi akaziacha ghafla anaweza kuanguka vibaya, kwa sababu zile tezi zilizo juu ya mafigo zimelala, hazitengenezi tena kortizoni ya mwili. La pili: methotrexate inayonywewa kila siku kwa makosa, badala ya mara moja kwa wiki, inaweza kuua. Mwanamke mwenye mimba asiiguse, inaharibu mtoto. Anayeinywa anapimwa damu kwa sababu nyingine kabisa, yaani kuangalia ini, mafigo na chembe nyeupe, kama dawa haimuumizi. Hiyo si VS wala CRP, na moja haiwezi kushika pahali pa nyingine.

KAZI YA NYUMBANI

1. Siku ya kwanza CRP ya mgonjwa ni 5,6 mg/dL. Siku tatu nyuma, labo nyingine inaandika 21 mg/L. Imepanda ao imeshuka? Tumieni masaa 19 kuhesabu ingepaswa kubaki ngapi kama ini lilikuwa limeacha kabisa kuitengeneza. Kisha semeni: moto umezimika ao umepunguka tu?

2. Kijana wa SS ana goti lililovimba na homa, VS yake ni 4. Mtapenda kuuliza labo kitu gani kingine, na juu ya nini?

3. Mwanaume wa miaka 50, viungo vinavyouma 1, vilivyovimba 0, VS 24, yeye mwenyewe anasema 15. Tafuteni DAS28. Linganisheni na mpaka wa VS wa umri wake.

Majibu yapelekwe kwa mwalimu wa biolojia mbele ya Jumamosi, na mahesabu yaonekane yote, si jibu la mwisho peke yake.